Jina Nililoahidi Kulifuta

Feza mwanangu,

Mwandiko huu hujawahi kuuona. Najua utashangaa, maana miaka yote umeniona nikimsukumia mama yako kila karatasi iliyoingia nyumbani, nikisema macho yangu hayaoni vizuri. Hata siku wazee wa bloku yetu hapa kambini walipokuja kuniomba niwe katibu wao, niwaandikie majina ya watu wa kugawiwa unga, niliwaambia kwamba sikusoma. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulikasirika sana. "Papa, batoto ya shule banasema we ni mujinga," uliniambia, machozi yanakutoka. Nilicheka tu, nikakununulia mandazi.

Macho yangu ni mazima, mama. Na kuandika najua. Kijijini kwetu Kongo, mwendo wa siku mbili kwa baisikeli kutoka Kindu, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa shefu, mkuu wa kijiji. Watu walitoka mbali kuja kuniomba niwaandikie barua. Nitakueleza kwa nini niliacha.

Sasa hivi uko City Centre, Lilongwe, na mama yako Zaina, mnafuata karatasi za mwisho. Kesho asubuhi utaondoka Dzaleka kwenda Amerika. Nimefunga duka mchana huu, nimekaa ndani kati ya sabuni na chumvi, na wateja wanagonga mlango nawaacha wagonge. Habari ya sweta, ya kuficha hati zako kifuani, ya kutokula ovyo ndani ya ndege, mama yako amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko nywele za kichwa chako. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina neno lingine.

Unakumbuka wiki ile uliporudi kutoka darasa la maandalizi ya safari, kule Lilongwe? Tulikuwa tunakula. Ulisema kuna kijana mmoja darasani alimuuliza mwalimu kama ni kweli kwamba Amerika mtu anaweza kununua bunduki dukani kama anavyonunua jembe. Mwalimu akasema ni kweli, na kwamba watu wa kule wanagombana juu ya jambo hilo kila siku: hawa wanataka serikali iziandike bunduki zote na kuzipunguza, wale wanasema hakuna wa kuwagusia bunduki zao. Kisha ukanigeukia. "Papa, we uko upande gani?"

Nilikujibu, "Kula, bugali inapoa."

Mama yako aliinuka akaenda nje. Ulidhani amekwenda kuchota maji. Hakwenda kuchota maji, Feza.

Nitakujibu leo. Lakini jibu langu lina mtu ndani yake, na mtu huyo ni papa yako Amisi, aliyekuzaa. Unajua kwamba alikuwa rafiki yangu. Unajua kwamba aliuawa siku ya vita, na kwamba mama Zaina alikubeba. Hayo ndiyo tuliyokupa, na ni kweli. Ila tulikata kipande, na kipande hicho ni changu.

Amisi alikuwa mwindaji. Alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja aliyoachiwa na baba yake, mti wake umefungwa kwa waya pale ulipopasuka. Usiwaze bunduki za askari. Hii ilikuwa inatoa risasi moja, kisha unasubiri, unaifungua, unatia nyingine. Kwetu nguruwe pori walikuwa wakiingia kwenye mpunga na mihogo, na wakilala humo siku mbili, familia inalala njaa mwaka mzima. Watu walikuwa wanakuja kumwita Amisi kama vile hapa tunavyomwita muuguzi. Anakwenda, anakaa shambani hadi asubuhi, na asubuhi kijiji kinakula nyama, sisi Waislamu tukiwaachia wenzetu Wakristo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja. Alikuwa anacheka, "Miye nauwa tu, kula ni kazi ya Bakristo."

Alikuwa mrefu, mwenye mabega kama yako. Hata kukunja pua unapodanganywa bei sokoni, umerithi kwake.

Safari moja tulitoka Kindu, mimi na yeye, baisikeli mbili zimejaa chumvi na vitenge. Mimi nilikuwa nafanya biashara ndogo pembeni ya ukatibu. Njiani, penye mianzi, wakatokea watu watatu na mapanga. Mmoja alishika usukani wangu, akaniwekea panga hapa shingoni. Sikuweza hata kutoa shahada, ulimi ulikuwa mzito. Amisi alikuwa nyuma yangu kidogo. Nilisikia mlio mmoja tu. Alipiga juu, majani ya mianzi yakatudondokea kichwani, na wale watu wakakimbia hata viatu wakaviacha. Tulikaa chini tukacheka kama walevi. Kisha Amisi akaniambia, "Asumani, usimwambie muke wako, atakukataza biashara." Sikumwambia. Nilimwambia hapa Dzaleka, miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo ujue kwamba nilikuwa hai kwa sababu ya bunduki ile, nami nilijua hivyo, na bado nikafanya nitakayokueleza.

Mwaka uliofuata kijana mmoja wa kijiji alichukua bunduki ya mjomba wake, akaenda kulinda mpunga. Aliona majani yanatikisika, akapiga. Alikuwa ni binamu yake amekwenda kuokota kuni. Kilio cha siku ile sikisahau. Shefu akaita watu, na akaja mtu wa ofisi kutoka mjini, amevaa shati jeupe, mpole, anaongea vizuri. Akasema kuanzia sasa kila bunduki iandikwe: jina la mwenyewe, nyumba yake iko wapi, aina yake. Kila mmoja atapewa kibali, na asiye na kibali atanyang'anywa. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa nimetoka kumzika mtoto wa watu. Niliona ni jambo la akili, na hata leo sioni kwamba mtu yule wa ofisi alikuwa na nia mbaya.

Amisi alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alisema, "Ule kijana aliua sababu hakuna mutu alimufundisha. Haikuwa sababu hakuna mutu alimuandika." Watu wengine wakaguna, mama wa marehemu akalia, ikawa vibaya. Amisi akakaa.

Jioni alikuja kwangu. "Asumani, miye usiniandike."

"Juu ya nini?"

"Karatasi ile itaenda wapi? Unajua?"

"Itaenda ofisini, mjini."

"Na kisha?"

"Kisha nini, Amisi? Itakaa kwenye saraka."

"Na siku ofisi itakamatwa na watu wengine? Saraka itafunga mudomo?"

Nilimwambia anaogopa kama mwanamke. Ndiyo, nilisema hivyo, na mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni, naye akaniuliza ni mwanamke gani huyo. Nilikuwa na cheo kidogo, mwanangu, na kalamu mpya ya wino wa bluu. Niliona kwamba nikimruka rafiki yangu, watu watasema katibu anapendelea. Nikamwandika. Nilimwandika wa kwanza kabisa, juu ya ukurasa, ili watu waone kwamba mimi ni mtu wa haki.

Nilizunguka nyumba zote kasoro moja. Mzee Salumu alikuwa anaishi ng'ambo ya kijito, peke yake, naye alikuwa na bunduki kama ya Amisi. Siku niliyotaka kwenda kwake mvua ilinyesha na daraja la miti likateleza. Nikasema nitakwenda kesho. Sikwenda. Orodha ikapelekwa mjini bila jina lake.

Uvivu wangu huo, Feza, uushike kichwani. Utaukuta tena.

Ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yako mzazi aliugua. Amisi aliuza bunduki yake kwa mtu wa Kindu ili ampeleke hospitali. Alikaa naye kule wiki tatu, akarudi na wewe mgongoni peke yako. Mama yako amezikwa Kindu. Siku ya tatu ya msiba alinikuta nje ya nyumba yangu. Alikuwa amekonda, shati lake limechafuka maziwa yako. Alisema, "Ile bunduki haiko tena. Ufute jina langu kule."

Nikamwambia, "Nitafuta. Nikienda mjini tu, nitafuta."

Nilikwenda mjini mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza ofisi ilikuwa imefungwa. Mara ya pili ilikuwa wazi, nilipita mbele yake nikimfuata mtu wa vitenge, nikasema nitaingia nikirudi. Nikarudi kwa njia nyingine.

Kisha vita vikafika mjini. Watu wa ofisi walikimbia, wakaacha kila kitu ndani.

Walikuja kwetu siku ya soko, saa sita mchana, jua kali. Vijana wenye silaha, wengine wadogo hata ndevu hawana. Hawakufyatua risasi. Walitukusanya penye soko, na mkubwa wao akatoa karatasi mfukoni akaikunjua. Niliitambua kabla hajaanza kusoma. Wino wa bluu. Herufi zangu nzuri.

Akasoma jina la kwanza.

Amisi alisimama. Wewe ulikuwa nyumbani kwetu na mama Zaina, maana tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa anakulisha mchana. Amisi alikuwa amekuja sokoni kununua mafuta ya kukupaka.

"Bunduki iko wapi?"

"Niliuzisha. Iko Kindu kwa mutu mwingine."

"Karatasi inasema iko hapa."

"Karatasi ni ya zamani."

"Nani aliandika hii karatasi? Asimame aseme."

Mwanangu, nilikuwa mbali naye kama kutoka mlango wa duka hili mpaka bomba la maji. Amisi aligeuza kichwa akaniangalia. Nilijua anachotaka. Alitaka niseme, ni mimi niliyeandika, ni kweli aliiuza, aliniomba nifute na sikufuta. Maneno hayo tu. Nilifungua mdomo. Nikaona wale vijana, nikaona mikono yao, na ulimi ukawa mzito vilevile kama siku ya panga.

Amisi alinisubiri. Kisha akageuza macho akawaambia, "Sijui. Ni serikali iliandika."

Walimpiga ili aseme bunduki iko wapi. Hakuwa na la kusema, kwa hiyo walimpiga mpaka mwisho. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Hakunitaja. Angenitaja pengine wangemwacha wakanishika mimi. Pengine wangetuua wote wawili. Nimepima hilo miaka mingi na sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa na nafasi ya kunitaja na hakunitaja, nami nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema.

Walipoanza kuchoma nyumba, watu walitawanyika. Mama Zaina alikuwa amekwisha kukufunga mgongoni na kukimbilia kijitoni na wanawake wengine. Vijana watano au sita waliwafuata. Wanawake walivuka maji, na wale vijana walipotia miguu majini, bunduki ililia kutoka mihogoni ng'ambo. Mlio mmoja. Kisha kimya, kisha mlio mwingine. Mzee Salumu alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu. Wale vijana walikuwa wamesoma orodha yangu: ng'ambo ya kijito haikuwa na bunduki. Sasa wanasikia bunduki, hawajui ni moja au ni ishirini. Wakarudi nyuma. Salumu alikuwa na risasi nne tu, alituambia baadaye. Alitumia mbili.

Wewe uko hai kwa sababu ya bunduki ambayo sikuiandika. Na papa yako hayuko hai kwa sababu ya bunduki niliyoiandika, ambayo hata haikuwapo.

Kesho yake tulirudi, mimi na Salumu. Tulimwosha Amisi na maji ya kijito, tukamvisha kanzu yangu nyeupe kwa sababu nyumba yake ilikuwa imeungua na yote yaliyomo. Kaburi lake liko nyuma ya shamba lake la mpunga, upande wa juu ambako maji hayafiki. Tuliweka mawe matatu kichwani. Ukifika umri wa kutaka kwenda, na nchi ikiwa imetulia, uliza watu shamba la Amisi mwindaji. Watakuonyesha. Salumu alikataa kukimbia. Tulisikia kwamba aliishi pale misimu miwili ya mvua, baada ya hapo hatukusikia tena.

Sasa nikujibu swali lako.

Mimi niko upande wa Amisi alipokuja kwangu jioni ile. Niko upande wa Salumu. Mtu akija akaniambia kwamba bunduki za watu wasio na kosa zikusanywe, au ziandikwe kwenye daftari lake, nitamuuliza kwanza: wewe utakuwa wapi siku ile saa sita mchana? Na daftari hilo utaliachia nani ukikimbia? Mpaka leo sijakutana na mtu aliyenijibu nikatosheka. Hiyo ndiyo fikra yangu, na sioni aibu kuisema.

Mama Goreti, jirani yetu, anaijua. Umetukuta mara ngapi tukibishana hapa dukani, yeye anachagua maharage, mimi napima chumvi? Ulidhani tunabishana juu ya bei. Ndugu yake kule Burundi aliuawa na jirani waliyekua naye, mtu mwenye kibali na bunduki halali, juu ya ugomvi wa bia. Walikuwa wamecheka pamoja mchana kutwa. "Papa Feza," huniambia, "hasira ya mutu ni dakika moja tu. Ile dakika, bunduki isikuwe karibu." Namuuliza, "Na wakija kumi wenye bunduki?" Ananijibu, "Basi watakuta jirani yako amekwisha kukuua, watapata kazi kidogo." Tunacheka, Mungu atusamehe, kisha yeye anarudi kwenye maharage, mimi kwenye chumvi. Yeye ana maiti yake na mimi nina yangu, na hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake. Siku mama Zaina alipolazwa, ni nani aliyekupikia wewe mwezi mzima? Mama Goreti. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kwamba wanaofikiri kama yeye ni wapumbavu. Huko unakokwenda utawasikia watu wanaosema hivyo, pande zote mbili.

Na nikuambie jambo ambalo halikai vizuri na fikra yangu. Miaka yote tuliyoishi hapa Malawi nimelala bila bunduki, na nimelala. Miaka ile ya kwanza nilipokuwa nabeba magunia ya tumbaku Kanengo, nikirudi usiku kwa miguu mpaka kituo cha basi, watu niliokutana nao njiani waliniambia tu zikomo, salamu yao ya Kichewa, wakapita. Sikujua kwamba nchi inaweza kuwa hivyo. Sikuombei ununue bunduki, wala sikukatazi. Utaona nchi yenyewe ilivyo, na una akili.

Lakini kuna kosa nililolifanya na fikra yangu hiyo, na ndilo lililonifanya nifunge duka leo. Kila mara Mama Goreti aliponiuliza nani alimuua Amisi, nilisema: orodha. Nilisema: serikali. Nilisema: karatasi ndiyo iliyomuua. Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakatikisa vichwa, na ilikuwa kweli. Ila orodha haikujiandika yenyewe, mama. Kulikuwa na mtu aliyeombwa asiandike akaandika, akaombwa afute hakufuta, akaombwa kwa macho aseme hakusema. Nilipata hoja ya kweli, nikajificha nyuma yake miaka yote hii. Ndiyo maana sikuweza kukujibu pale mezani. Ningekupa hoja nzuri sana, nawe ungeniamini.

Mama Zaina amenisihi nikuambie tangu ulipovunja ungo. Mimi nilikuwa nasema bado, akue kidogo. Ulikua. Nikasema, amalize shule. Ulimaliza. Kweli ilikuwa hii: niliogopa kupoteza namna unavyoniita papa.

Nitakuambia mambo machache niliyoyaweka moyoni, maana sijui kama baada ya leo utataka kuyasikia. Jioni nilizorudi kutoka Kanengo nikinuka tumbaku, ulikuwa unanipigia chafya kifuani, na bado hukukubali kushuka. Ulipokuwa na miaka minane nilikupeleka Mponela nikanunue mahindi, nikakuacha dakika moja na mama mmoja wa sokoni. Niliporudi nilikukuta unakula panya wa kuchoma, yule wanayemuuza kwenye kijiti kando ya barabara, mkia umebaki nje ya mdomo. Uliniambia kwa Kichewa kwamba ni mtamu. Njia nzima kwenye kabaza, ile baisikeli ya kukodi, nilikuwa nafikiri nitamwambia nini mama Zaina. Wewe ndiye uliyemwambia, hata kabla hujashuka kwenye baisikeli. Umekuwa hivyo tangu zamani. Kitu kikikukaa mdomoni unakitoa. Nimekuwa nikikutazama nikisema, huyu hakujifunza kwangu.

Mungu hakutupa mtoto mwingine, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Usidhani tulikulea kama kulipia kosa. Labda siku za kwanza, upande wangu, ilikuwa hivyo. Nilikuwa nikikuangalia namwona Amisi, natoka nje. Lakini siku moja njiani, tulipokuwa tunavuka kuja huku, uliugua homa, na nilipokuwa nimekushika niligundua kwamba sikuwa nimemfikiria Amisi tangu asubuhi. Nilikuwa nafikiria wewe tu, kama unapumua. Toka siku ile ulikuwa wangu.

Sasa unakwenda kwa shangazi yako, dada ya Amisi. Miezi mitatu iliyopita alipopiga simu, uliniwekea simu sikioni ukaniambia, "Papa, anataka kukushukuru." Alilia. Aliniambia, "Asante, ndugu yangu, kwa kumlea mtoto wa Amisi. Kama siyo wewe, ukoo wetu ungekwisha." Nilikurudishia simu, ukadhani mtandao umekatika. Atakuuliza kaka yake alikufaje. Ni haki yake. Sitaki umpe ile hadithi yetu iliyokatwa, kisha siku moja aisikie nzima kwa mtu mwingine wa kwetu, akuone na wewe mwongo. Mwambie yote. Mpe jina langu. Akitaka kunitukana, nambari ya simu ya mama yako anayo.

Nilikuwa nimepanga barua hii niishone ndani ya begi lako, uisome ukiwa umefika, mbali, ambako huwezi kuniona. Nilimwambia mama Zaina jana. Alikuwa anakunja vitenge vyako. Hakuinua kichwa. Alisema, "Asumani, unataka tena kusimama mbali?"

Kwa hiyo nitakupa leo, mkifika tu. Utaisoma hapa dukani, mlango umefungwa, mimi nimekaa mbele yako. Utakuwa na jioni hii yote na asubuhi ya kesho. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunipigia kelele mpaka bloku yote ijae mlangoni, piga. Ukitaka kuondoka kesho bila kunipa mkono, nitasimama barabarani hivyohivyo mpaka gari lipotee. Mungu aliyemwongoza mama yako kuvuka kijito na wewe mgongoni, akutangulie kila unakopita.

Nasikia mama Zaina anamsalimu Mama Goreti, na wewe unacheka. Mmefika.

Ukimaliza kusoma, niulize chochote, hata kama ni kigumu. Nipo hapa, na nitajibu.

Papa yako,
Asumani